Nasaha kwa Mwenye Kutaka Kuvaa Bastola

Mtu atakaye kununua bastola ya kujihami aghalabu huuliza kwanza ipi iliyo bora, nao wauzaji, ambao riziki yao imo ndani ya jibu, humjibu kwa furaha na kwa marefu. Swali hilo lina kasoro, kwani linadhani kwamba silaha hununuliwa kwa ajili ya ile dakika moja ya hatari, ilhali mwenye bastola, akijaliwa umri na bahati ya kawaida, ataivaa masaa maelfu sokoni, ofisini, garini, msibani na mbele ya sinia la chakula, na huenda dakika yenyewe isimfikie hadi anaingia kaburini. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba bastola ichaguliwe kwa kuyatazama masaa hayo. Atakayeshindwa kuyastahimili ataiacha silaha kabatini, na bastola ya kabatini humfaa mwizi atakayeikuta kuliko mwenyewe aliyeinunua.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili huanza kwa karatasi. Tanzania, ambako Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilishika mahali pa ile ya 1991, ombi la raia hupita kwa viongozi wa mtaa au kijiji chake, likapanda kata na wilaya, ambako kamati ya ulinzi na usalama hulijadili, ndipo likaendelea mkoani na kwa wakuu wa polisi. Kenya, itawaliwayo katika jambo hili na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, uamuzi ni wa bodi ya leseni za silaha, ambayo mwishoni mwa mwaka 2018 iliwaita hata waliokuwa na vibali kwa miaka mingi waje wachunguzwe upya. Na sheria hiyo yasema wazi kwamba mlevi na mtu asiye na akili timamu hawastahili cheti. Wako wanaoiona njia hii kuwa ni adha tupu, nami siwalaumu kwa kuchoshwa na foleni na njoo kesho, illa nadhani mwenyekiti wa mtaa akiulizwa, "Huyu unamjua? Ana ugomvi na nani?", ameulizwa swali ambalo mwombaji mwenyewe angalipaswa kujiuliza usiku mmoja kabla.

Na ajiulize pia kama haja yake haina dawa nyepesi zaidi. Mwenye duka arudiye nyumbani na mauzo katika mfuko wa nailoni, njia ile ile, saa ile ile, kila jioni, anaweza kubadili saa, kubadili njia, au kuziweka fedha kwa wakala wa simu kabla jua halijatua, na mambo hayo matatu yatamwondolea hatari kubwa kuliko chuma chochote. Aliyekwisha kuyafanya hayo na bado ana sababu ya kuogopa, huyo ndiye ninayemwandikia.

Uchaguzi uanzie mkononi. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwa macho na kwa kidole kwamba silaha ni tupu, magazini imetoka na chemba haina kitu, nawe uhakikishe mwenyewe hata kama umemwona akihakikisha. Kisha uishike kwa mkono utumiao, ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ikiwa juu kabisa ya mpini, na mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono wako hadi kwenye kiwiko. Hapo utazame kidole cha shahada: nyama ya pingili yake ya kwanza yapasa ifike katikati ya triga bila ya mkono kuzunguka. Ukilazimika kuuzungusha ili kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako, na sifa zake zote zilizoandikwa vitabuni hazitakusaidia, kwa kuwa utakapovuta triga utaupeleka mtutu pembeni pasipo kujua. Baada ya hapo jaribu kuirudisha nyuma ile sehemu ya juu inayopakia risasi. Wengi wenye mikono midogo hushindwa kwa sababu huibana kwa ncha za vidole viwili. Ishike kwa kiganja kizima, uiegemeze karibu na kifua huku mtutu ukitazama mahali pasipo mtu, kisha usukume mpini mbele kwa nguvu za bega. Ikikataa hata hivyo, omba nyingine, wala usione haya.

Jinsi za bastola ni mbili. Rivolva, yenye silinda ya matundu matano au sita izungukayo, haina magazini ya kusahaulika, na risasi moja ikikataa kulia, mvuto wa pili wa triga huleta nyingine mahali pake. Model 36 ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 1950, hubeba risasi tano nayo huingia katika mfuko wa koti. Washauri wengi humpendekezea mwanamke au mzee silaha ya namna hiyo, nami sikubaliani nao hata kidogo: triga yake ni nzito, mtutu wake mfupi, teke lake kali kwa sababu ya wepesi wake, na asiyezoea hukosa shabaha nayo hata akiwa chumba kimoja na anayemlenga. Udogo wa silaha humfaa fundi. Mwanafunzi apewe kitu kikubwa kidogo.

Jinsi ya pili ni bastola ya magazini, ijipakiayo yenyewe baada ya kila mlio. Glock ya Austria, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, haina kitufe cha usalama cha kusukumwa kwa gumba. Kinga zake zimo ndani na katika triga yenyewe, na kila mvuto una uzito ule ule, jambo ambalo humrahisishia mwanafunzi kazi lakini humtaka awe na kidole chenye adabu. CZ 75, iliyotengenezwa Chekoslovakia na kiwanda kilekile ambacho bastola zake magazeti ya Kenya huziita Ceska, ni ya chuma, nayo hukaribia kilo moja kabla ya kutiwa risasi. Ukiibeba nyundo yake ikiwa imelala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, ilhali wa pili ni mfupi na mwepesi, na mtu asiyeufanyia mazoezi ule wa kwanza hupeleka risasi yake ya mwanzo chini, na ya pili, ambayo huenda hakuikusudia kamwe, mahali asipopajua. Anunuaye iliyotumika atazame pia jina lililochongwa ubavuni, kwani zile za awali hazikuwa na kizuizi cha pini kinachoizuia risasi isilie bastola inapoanguka sakafuni, na zile zenye herufi B mwishoni, CZ 75 B, zinacho.

Juu ya ukubwa wa risasi watu wamebishana hadi wakakosana, nami sitakaa hapo sana. Mwezi wa Aprili 1986 huko Miami, maofisa wawili wa FBI waliuawa katika mapigano na majambazi wawili, na lawama nyingi ikaangukia risasi moja ya 9 mm iliyosimama kabla ya kuufikia moyo wa mmoja wa majambazi. Shirika likahamia risasi kubwa zaidi, likaona askari wake wanalenga vibaya kwa ukali wa teke, na katika miaka ya 2010 likarejea 9 mm ile ile aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, safari hii ikiwa na risasi zilizoundwa kwa ustadi zaidi. Kilichochukua miaka ipatayo 30 kugunduliwa na watu wenye fedha na maabara kinaweza kumtosha raia wa Morogoro au Nakuru. Risasi yenye tundu nchani hufunguka ndani ya mwili na aghalabu hukoma humo, ilhali ile ya kijeshi, ya ncha nzima, huweza kumpita mtu, ikapita mlango, ikamfikia asiye na hatia. Basi ikiwa kibali chako na duka lako vinaruhusu ile ya kwanza, ichukue, na kama sivyo, jua unachokibeba. Akinibana mtu nimpe jibu moja tu, nitamwambia achukue 9 mm ya umbo la kati, ambayo ikiwa tupu haizidi robo tatu ya kilo.

Hapo sasa ndipo masaa yanapoanza, na ndipo wengi hufanya ubahili. Mtu hutoa fedha nyingi kununua bastola, kisha akaitia katika ala ya kitambaa iliyouzwa pamoja na miwani na mikanda ya kando ya barabara, au akaichomeka kiunoni bila ala yoyote kama waigizaji wa sinema. Ala njema ina masharti matatu yasiyopunguzwa: iifunike triga yote pasiwe na mwanya wa kidole wala upindo wa shati; iishike bastola hata ukiruka mtaro; na ibaki wazi bastola inapotoka, ili irudishwe kwa mkono mmoja. Ngozi ni nzuri na humpendeza mvaaji, lakini ngozi iliyolegea kwa jasho na miaka hujikunja mdomoni, na mkunjo huo ukiingia mbele ya triga wakati wa kuirudisha bastola, risasi hulia na paja la mwenyewe ndilo shabaha. Kwa pwani yetu, yenye joto la kuroweka shati kabla ya adhuhuri, naipenda plastiki ngumu zaidi, ijapokuwa haina uzuri. Ala ya kwapani naikataa kwa sababu nyingine: aliyesimama nyuma yako katika foleni ya benki hutazamwa na mtutu kutwa nzima.

Mkanda nao uwe mgumu, maana mkanda laini huachia uzito ukaning'inia, suruali ikashuka, na mwenye bastola akawa mtu wa kujipandisha suruali kila hatua tatu, jambo ambalo mwizi mzoefu hulisoma upesi kuliko sisi tusomavyo gazeti. Mkono uendao kiunoni kupapasa hutoa siri kuliko uvimbe wowote wa nguo. Basi uivae nyumbani kwanza, ikiwa tupu, ukae, uiname, upande ngazi, umbebe mtoto, na mke au ndugu akutazame kwa nyuma akwambie kilichoonekana. Mwislamu na aijaribu kwa rukuu na sujudi: ikiwa nyuma ya nyonga, shati hupanda na mpini ukachomoza mbele ya safu nzima, ikiwa mbele, humchoma kinena aketipo kwa tahiyatu. Nionavyo mimi, aendaye msikitini au kanisani katika mtaa wake wa amani na aiache ndani ya sefu nyumbani, wala asiiache garini, kwa kuwa kioo cha gari si mlango.

Chooni ndiko silaha nyingi zinakosahaulika, hata za askari wa kazi. Usiiweke juu ya tangi la maji wala usiitundike kwenye ndoano ya mlango. Ibaki ndani ya ala, na ala ibaki ndani ya suruali iliyoshuka, ikiegemea mbele ya macho yako. Mama abebaye bastola katika mkoba azingatie kwamba mkoba ndicho kitu cha kwanza wapendacho waporaji wa pikipiki, na kwamba mkoba huwekwa chini, husahauliwa, na hupekuliwa na watoto watafutao peremende. Kama hana budi, uwe wa kukingama kifuani, wenye mfuko wa peke yake kwa silaha, na usitoke mwilini mwake kamwe. Kila jioni bastola ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa ubavu uliolala juu ya ngozi, maana chumvi ya jasho na ya upepo wa bahari haingoji Jumapili.

Je, risasi iwe chemba au isiwe? Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City aitwaye Dennis Tueller aliandika kwamba mtu mwenye kisu, akiwa umbali wa futi 21, yaani mita sita na kitu, humfikia aliye mbele yake kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, na muda huo ndio aupatao askari aliyefunzwa kuchomoa na kufyatua. Watetezi wa kubeba chemba ikiwa imejaa huutumia ushahidi huo, nao wana haki, kwa kuwa kukoki kwataka mikono miwili na huenda mmoja umeshikwa. Lakini mimi humshauri anayeanza aibebe ikiwa tupu chemba hadi mwalimu wake atakaporidhika na kidole chake, kwani katika miezi ya mwanzo hatari iliyo karibu naye kuliko zote ni yeye mwenyewe.

Mazoezi hayana mbadala wala hayahitaji risasi nyingi. Jeff Cooper, mwalimu wa Kimarekani aliyefungua chuo cha Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alieneza kanuni nne ambazo walimu wa shabaha duniani kote huzifundisha hadi leo: hesabu kila silaha kuwa imejaa, usielekeze mtutu kwenye kitu usicho tayari kukiangamiza, kidole kikae nje ya triga mpaka macho yamekwisha kulenga, na ujue unachokilenga pamoja na kilicho nyuma yake. Hiyo ya nne ina uzito wa peke yake kwetu, tukaao katika nyumba za vyumba vinavyotazamana ukumbini, penye kuta za mabati au mbao, ambazo risasi huzipita bila ya kupunguza mwendo wa maana. Upande wa pili wa ukuta wa jambazi yupo mtoto wa jirani amelala. Uwanjani vaa kinga ya masikio, kwa sababu mlio mmoja waweza kuharibu usikivu daima. Nyumbani, risasi zikiwa chumba kingine, rudia kuvuta triga tupu huku ukiutazama mtutu usitikisike. Dakika chache kila siku hufundisha mengi kuliko kisanduku cha risasi kilichoteketezwa kwa furaha siku ya sikukuu.

Usiku silaha ilale ndani ya sefu iliyofungwa ukutani kwa skrubu, isilale chini ya mto. Nyumba zetu huingia wapwa, wageni wa harusi, fundi wa bomba na msaidizi wa jikoni, na hakuna maficho ambayo mtoto wa miaka sita hajayagundua siku aliyoachwa peke yake. Liko jambo jingine ambalo watu huona vibaya kulitaja: wakati wa majonzi makubwa, kama kufilisika, talaka au msiba uliouvunja moyo, bastola haifai kuwamo nyumbani, kwa kuwa mtu ajidhuruye kwa silaha hii mara chache hupata nafasi ya kujuta. Mwenye kuona hali hiyo kwake au kwa nduguye na aipeleke kituoni ikahifadhiwe. Hapana fedheha yoyote ndani yake.

Anayevaa bastola ameziuza baadhi ya haki zake za zamani. Hana tena ruhusa ya kujibu tusi la dereva wa daladala, wala ya kukaa baa, wala ya kuingia kati ya wawili wagombanao asiojua nani mwenye makosa, kwa sababu kila ugomvi aingiamo sasa una bastola ndani yake. Kuionyesha ili kumtisha mtu juu ya maegesho ya gari ni kosa, hata isipolia. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vifungu vyake vya nyongeza, humpa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, kwa sharti kwamba nguvu itumikayo iwe ya kiasi na ya lazima. Kenya nayo, kwa kifungu cha 17 cha Sura ya 63, hulipima jambo hilo kwa misingi ya sheria ya kale ya Kiingereza, ambayo huuliza yale yale. Kijana akimbiaye na simu yako amekupa mgongo, na mgongo hauhatarishi maisha ya mtu; atakayeupiga risasi atajibu mbele ya hakimu kwa maneno ambayo hayatamtosha. Ukishambuliwa na ukaweza kukimbia, kimbia.

Ikiwa imetukia ukafyatua risasi, usiyaokote maganda, usihamishe kitu, ita polisi kwa namba 112, ambayo hutumika nchi zote mbili, ita na gari la wagonjwa, na mwite wakili mapema. Polisi wafikapo, bastola iwe imekwisha kurudi ndani ya ala na mikono yako iwe mitupu na wazi, kwa kuwa wao hawajui bado nani aliyeshambulia na nani aliyeshambuliwa.

Kibali hakivuki mpaka. Cheti cha Kenya hakina nguvu hatua moja baada ya Namanga au Lunga Lunga, wala cha Tanzania upande wa pili. Ndugu zetu walio Marekani, waliosikia kwamba Mahakama ya Juu ya huko iliamua mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, kwamba raia ana haki ya kubeba bastola hadharani, wakumbuke kwamba mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida hakatazwi kubeba tu bali hata kumiliki, ila kwa vighairi vichache. Na walio Uingereza wajue kwamba bastola karibu zote zilikwisha pigwa marufuku kwa raia mwaka 1997, baada ya mauaji ya shule ya Dunblane.

La mwisho ni wasia. Bastola haigawiwi pamoja na shamba na ng'ombe, kwa kuwa kibali hufa na mwenyewe, na mrithi akutwaye nayo bila ya chake anashtakiwa kama mtu mwingine yeyote, hata kama machozi ya matanga hayajamkauka. Andika katika wasia wako namba ya silaha, kilipo cheti, na jina la mtu mmoja ajuaye ufunguo wa sefu ulipo, nawe umwagize kwamba katika siku za mwanzo za msiba, kabla ya wageni wa mbali kuwasili na vyumba kufunguliwa, aende kituo cha polisi kilicho karibu awaarifu, waje waichukue wenyewe pamoja na risasi zake zote, naye adai stakabadhi.